Mwenye mhuri achaguliwe vipi? Kisa cha LC1 Uganda, laini ya Julai na kisanduku cha Agosti 2018

Chukua nchi ambayo imepiga kura ya rais 2006, ikapiga 2011, ikapiga tena 2016, wabunge wanaingia na kutoka, mameya wanabadilishana viti, alafu mwenyekiti wa mtaa anayekugongea mhuri ni yuleyule aliyechaguliwa 2001. Wengine walizeekea kwenye kiti, wengine wakahama mtaa na mhuri wakaenda nao, wengine wakafariki na mhuri ukabaki ndani ya nyumba ya marehemu watu wakawa wanaufuata hukohuko. Hiyo ndo ilikuwa Uganda mpaka Julai 2018. Mimi niko Arua, upande wa River Oli, na hiki kisa nataka nikichambue taratibu maana watu wakisema uchaguzi wanawaza rais tu, na kwa maoni yangu ukitaka kujua vyama vingi vimefika wapi nchini kwetu usianzie Ikulu, anzia kwa yule mwenye mhuri.

Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania ambao mfumo wetu hawaujui niwapitishe haraka. LC ni kifupi cha Local Council, yaani baraza la eneo. Kijiji ni LC1, mjini tunakiita seli. Vijiji kadhaa vinatengeneza parishi, hiyo ni LC2. Juu yake LC3 ambayo ni sabukaunti, mjini ni divisheni, LC4 ni kaunti na haina kazi nyingi, LC5 ndo wilaya nzima. Rais, mbunge wa jimbo, mbunge mwanamke wa wilaya, mwenyekiti wa LC5 na wa LC3 pamoja na madiwani wao, hawa wote unawachagua kwa karatasi, unaingia peke yako, unaweka alama, unatumbukiza. Rais lazima apite nusu ya kura halali, asipopita wawili wa juu wanarudiana ndani ya siku 30. Mbunge hana habari ya nusu, anayeongoza hata kwa kura moja kabeba. Kugombea urais unalipa shilingi milioni 20 na ubunge milioni 3, na wote wawili wanatakiwa wawe wamemaliza kidato cha sita au kitu kinacholingana nacho. Kuna na wabunge wa makundi, jeshi, vijana, wafanyakazi, wenye ulemavu na wazee, hao hawapiti kwenye karatasi yako wewe mwananchi wa kawaida, wana njia zao.

LC1 haiko kwenye hiyo karatasi. Hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Asili yake ni vita vya msituni miaka ya themanini mwanzoni, kule Luweero, wapiganaji wa NRA, jeshi la msituni la Museveni, walipokuwa wanaunda kamati za siri vijijini za chakula na habari. Baada ya 1986 zikasambazwa nchi nzima, zikaitwa RC (Resistance Council), kamati ya watu tisa kila kijiji, na watu walizipenda kweli, tusidanganyane. Kabla ya hapo kijijini ulikuwa na chifu anayeteuliwa kutoka juu, sasa ghafla unaambiwa mtu wa kukuongoza mchague wewe, mkae chini ya mwembe, mpange laini nyuma ya mnayemtaka, mhesabiwe, mrudi nyumbani. Katiba ya 1995 ikabadilisha jina ikawa LC, kazi ikabaki ileile. Ila yote haya yalifanyika ndani ya mfumo wa Movement, yaani mfumo usio wa vyama. Vyama vilikuwepo kwa jina, UPC ipo, DP ipo, lakini havikuruhusiwa kusimamisha mgombea, kila mtu anagombea kwa sifa zake mwenyewe na wote tunahesabika tuko kwenye Movement moja tupende tusipende.

Tarehe 28 Julai 2005 ikapigwa kura ya maoni, asilimia zaidi ya 90 ya waliojitokeza wakasema turudi vyama vingi. Mwaka huohuo ukomo wa mihula ya rais nao ukatolewa kwenye Katiba, lakini hiyo ni stori nyingine, tena ndefu. Februari 2006 uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu 1980 ukafanyika, Museveni akatangazwa na asilimia 59, Besigye 37. Karatasi zikachapishwa upya na alama za vyama, basi la njano la NRM, chama tawala cha Museveni, ufunguo wa FDC, chama cha Besigye, sheria za juu zikapigwa rangi mpya. Sheria ya kule chini ikabaki vilevile ilivyoandikwa wakati wa Movement, kama nyumba iliyoezekwa mabati mapya mbele na nyuma imeachwa na nyasi.

Mtu wa FDC, meja mstaafu Rubaramira Ruranga (wengi walimfahamu zaidi kwa harakati za ukimwi, alijitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi wakati watu wanaogopa hata kulitaja jina) akaenda Mahakama ya Katiba. Hoja yake ukiimenya ni rahisi tu, mnataka kufanya uchaguzi wa LC1 na LC2 kwa kanuni za mfumo ambao wananchi wameshaukataa, hiyo Katiba hairuhusu. Mwezi wa 4 mwaka 2007 mahakama ikakubaliana naye. Kanuni za kipindi cha Movement haziwezi kutumika kuchagua viongozi wa kijiji ndani ya vyama vingi.

Sasa hapa watu wengi wanakosea wanaposimulia, wanasema mahakama ilifuta LC1. Hapana, mahakama ilisema tengenezeni sheria inayofaa alafu mchague. Kutengeneza sheria ni kazi ya Bunge na serikali, na Bunge halikukosa muda, katika miaka hiyohiyo lilipitisha sheria kibao na wilaya mpya zikazaliwa moja baada ya nyingine, kila mmoja anataka wilaya yake. Kilichokosekana, tuliambiwa, ni hela.

Hoja ya hela nitaitendea haki maana si uongo mtupu. Fikiria karatasi ya rais, ni ileile Kabale mpaka Moyo, unachapisha mamilioni ya kitu kimoja. Karatasi ya mbunge inabadilika kwa jimbo. Karatasi ya LC1 inabadilika kwa kila kijiji, na vijiji ni zaidi ya 60,000. Mwaka 2016 vituo vyote vya kupigia kura nchi nzima vilikuwa 28,010, kwa hiyo LC1 kwa kura ya siri maana yake uchaguzi wenye vituo zaidi ya mara mbili ya uchaguzi mkuu, na kila kituo karatasi yake na majina yake na picha zake. Hela ni nyingi kweli.

Lakini hela ni chaguo. Kuelekea uchaguzi wa 2011 serikali hiyohiyo iliamua kuwanunulia wenyeviti wa LC1 na LC2 baiskeli karibu 70,000, ikalipa malipo ya awali ya zaidi ya dola milioni moja na nusu, na baiskeli hazikufika. Hiyo kesi ilienda mpaka kortini na maafisa wakahukumiwa. Mimi nikiambiwa hamna hela ya kumchagua mwenyekiti, alafu nikaona hela ya kumnunulia baiskeli mwenyekiti ambaye hajachaguliwa upya tangu 2001, najiuliza nani alikuwa na haraka ya nini. Mtu ambaye hajachaguliwa na anajua kiti chake kimeshikiliwa na uzi, atamtumikia nani? Atamtumikia aliyeshika uzi. Upinzani nao ulilalamika, ila si kwa sauti ileile wanayolalamikia tume na urais, na kwa maoni yangu hapo walizembea, LC1 haina gari wala mshahara wa maana (posho ya mwenyekiti ni shilingi 120,000 kwa mwaka, kwa mwaka jamani, siyo mwezi) kwa hiyo hakuna mkubwa wa chama aliyeitolea jasho.

Na kumbe ndo kiti kinachokugusa kila wiki. Unataka kitambulisho cha taifa, LC1. Unamtolea ndugu yako dhamana, korti inakuambia lete barua ya LC. Unanunua kiwanja, hakuna muuzaji mwenye akili atakayeandikiana bila mwenyekiti kuwepo na kuchukua chake. Umepangisha chumba kipya, ukajitambulishe. Mke na mume wamegombana, wanaanzia kwa LC kabla ya polisi. Kwa sheria ya mwaka 2006 LC1 ni mahakama kabisa, ndogo ila mahakama, na katika miaka yote ile ya kukaa bila uchaguzi mtu akishindwa kesi ya mpaka wa shamba alikuwa anasema hawa wenyewe si halali, na wakili akimsikia anamwambia hapo una hoja. Yaani mpaka ugomvi wa ng'ombe kula mihogo ulikuwa unaweza kugeuka suala la Katiba.

Mwaka 2015 Bunge likapata dawa, likabadilisha Sheria ya Serikali za Mitaa. LC1 na LC2 zitachaguliwa kwa kupanga laini, nyuma ya mgombea mwenyewe, au wakala wake, au picha yake, au alama yake. Vyama ruksa kusimamisha watu, wagombea binafsi ruksa. Karatasi hakuna, kisanduku hakuna, shida ya uchapishaji imekwisha.

Wako waliokimbilia mahakamani kwamba Katiba inataka kura ya siri, na uchaguzi uliokuwa umepangwa mwishoni mwa 2017 ukasimama kwanza. Ila ukiisoma Katiba yenyewe utaona mlango umeachwa wazi. Ibara ya 68 inaanza kwa kusema kura iwe ya siri, alafu ukishuka mpaka kifungu cha 6 inasema Bunge linaweza kwa sheria kuuondoa uchaguzi wowote kwenye sharti hilo la siri, isipokuwa wa rais na wa wabunge. Isipokuwa wa rais na wa wabunge. Hapo nilisoma mara mbili kwa sababu hapo ndipo palipolala tatizo lote, na nitaparudia huko mbele.

Njia ikafunguka, tarehe ikatoka, Jumanne 10 Julai 2018.

Kipindi chenyewe kilikuwa kimechangamka. Tarehe 1 mwezi huohuo ilikuwa imeanza kodi ya mitandao, shilingi 200 kwa siku ndo ufungue WhatsApp na Facebook, kila mtu kaweka VPN mpaka bibi zetu wanalijua neno VPN. Usiku wa siku ya kura Ufaransa inacheza na Ubelgiji nusu fainali ya Kombe la Dunia, kwa hiyo vijana walikuwa wanataka jambo liishe mapema waende vibandani. Na Arua tulikuwa na msiba wetu, mbunge wetu wa manispaa Ibrahim Abiriga, yule mzee wa njano ya NRM, nguo njano, gari njano, alikuwa amepigwa risasi tarehe 8 Juni kule Matugga pamoja na mlinzi wake, na wagombea wa kurithi kiti chake walikuwa wameshaanza kuzungukazunguka.

Mtaani kwetu walisimama watatu. Mmoja wa chama tawala, mmoja wa FDC, na mmoja binafsi ambaye kila mtu anajua ni chama tawala vilevile ila hawakuelewana. Msimamizi alifika na rejista ya kijiji, hii ni tofauti na daftari la kura ya kitaifa, hapa unaandikishwa kwa sababu unakaa hapa na una miaka 18. Akasoma utaratibu, watu wakaambiwa nendeni nyuma ya mtu wenu.

Kilichofuata kilinifundisha kuliko semina yoyote ya elimu ya mpiga kura. Kwanza hakuna aliyekwenda. Watu walisimama katikati, wanacheka, wanaangaliana, kila mmoja anasubiri kuona mwenzie anaelekea wapi. Wakaanza wale ambao hawana cha kupoteza, jamaa wa kampeni na ndugu wa damu wa wagombea. Alafu wakaenda wazee, wazee hawana haraka na hawaogopi. Wapangaji ndo walikawia. Kuna nyumba moja ya vyumba vingi, mwenye nyumba alipokwisha kusimama, wapangaji wake wakafuata mmoja mmoja wakajipanga nyuma yake kama watoto wa shule, na wale ambao hawakutaka kumfuata hawakwenda laini nyingine, walikumbuka ghafla kwamba wana sufuria jikoni. Mume na mke mmoja walisimama laini tofauti na watu wakapiga makofi, ikawa kichekesho, ila sikusikia kwamba wamegombana. Vijana wa boda walihama laini moja kwenda nyingine mpaka dakika ya mwisho, na hiyo nayo ni biashara, msinilazimishe kufafanua.

Na kuna ufundi ambao sikuujua. Laini ndefu siyo laini yenye watu wengi. Wa FDC walijiachia nafasi, mtu na mtu hatua nzima, kwa mbali ukaona wameshinda. Wa chama tawala walibanana. Msimamizi alipopita anagusa kila bega anahesabu kwa sauti na watu wanamfuatisha kwa pamoja, yule wa chama tawala akawa mbele, tena mbele vizuri. Hakukuwa na ubishi kwenye hesabu, lazima niseme hivyo. Wote tulihesabu. Papo hapo akapendekeza kamati yake, watu wakaipitisha kwa kelele, na wiki iliyofuata kamati za seli zote za wadi, yaani parishi ya mjini, zikaenda kumchagua wa LC2, sisi wengine hatukuhusika tena.

Kuna Hajji mmoja jirani ambaye alipigia kura laini tangu enzi za RC, alitoka pale anang'aa. Maneno yake ni kwamba kura ya karatasi unaipiga mwenyewe ila wanaihesabu wengine gizani, hii ya laini tunaihesabu sote juani. Na siwezi kumpuuza. Kwa mtu ambaye kila baada ya miaka mitano anasikia mgogoro wa fomu za matokeo, amesikia majaji wa Mahakama ya Juu 2001 wakigawanyika watatu kwa wawili na 2006 wanne kwa watatu, wanakiri kwamba sheria ilivunjwa sehemu lakini walio wengi wanasema haikubadilisha matokeo kwa kiasi cha kuufuta uchaguzi, mtu huyo akiona bega linaguswa na namba inatajwa anaona hapa hakuna wa kunidanganya.

Ila Wakenya wanaujua upande wa pili wa hii. Mlolongo wa 1988 kule kwao, kura za mchujo za KANU, laini fupi ilikuwa inatangazwa mshindi mchana kweupe na laini ndefu inaambiwa imeshindwa. Juani hukohuko! Na karatasi ikiibwa angalau unaweza kuomba kisanduku kifunguliwe zihesabiwe upya mbele ya hakimu, wakati laini ikishavunjika hakuna cha kuhesabu, ushahidi wenyewe umeshatembea kwa miguu kurudi nyumbani kupika. Kilichobaki ni karatasi moja aliyosaini msimamizi. Kwa hiyo ile imani ya Hajji inasimama siku msimamizi ni mwaminifu na watu ni wengi na hawaogopi, siku ambayo hata karatasi isingekuwa na shida.

Chama tawala kilijitangazia ushindi mkubwa nchi nzima. Sasa njoo Arua mwezi mmoja baadaye.

Kiti cha mbunge hakingoji. Katiba inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 60 kiti kikiwa wazi, ukihesabu toka Abiriga auawe mpaka siku ya kura ni 68, lakini ukilinganisha na miaka 17 ya LC1 sitaki kuwa mkali. Wakaja wakubwa wote. NRM ikamsimamisha Nusura Tiperu aliyewahi kuwa mbunge mwanamke wa Yumbe, FDC ikawa na mtu wake, na Kassiano Wadri, zamani mbunge wa Terego, akasimama kama mgombea binafsi akiwa anaungwa mkono na Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mbunge wa upinzani. Tarehe 13 Agosti, siku ya mwisho ya kampeni, rais yuko mjini, Bobi Wine yuko mjini, na jioni mambo yakaharibika, gari la msafara wa rais likadaiwa kupigwa mawe, dereva wa Bobi Wine, Yasin Kawuma, akapigwa risasi akafa, wabunge kadhaa wakakamatwa na Wadri mwenyewe akiwemo. Baadaye walifunguliwa mashtaka ya uhaini Gulu. Siingii humo, kuna mahakama.

Ninachotaka muone ni tarehe 15. Mgombea yuko kizuizini, mji umejaa askari, watu wana hofu kweli na si ya kusimuliwa, na wale wale wapangaji waliokumbuka sufuria mwezi wa saba wakaingia mmoja mmoja kwenye kile kibanda cha kura. Wadri akatangazwa mshindi, kura zaidi ya elfu sita, Tiperu chini ya elfu tano. Alishinda akiwa ndani. Jaribu kufikiria uchaguzi ule ungekuwa wa laini. Nani angekwenda kusimama nyuma ya picha ya mtu aliyekamatwa juzi, askari wakiwa pembeni wanatazama nyuso?

Nisikimbilie ushindi wa bei rahisi, najua mtakachosema. LC1 watu wanamchagua jirani, hawachagui chama, unaweza kumpenda mzee wa seli ambaye ni NRM na ukamnyima kura mbunge wa NRM, na hata wale waliokwepa laini mwezi wa saba siyo lazima wangempa mtu wa FDC. Mji nao si kijiji, chaguzi ndogo ambazo upinzani ulishinda mwaka ule, Jinja Mashariki, Rukungiri, Bugiri, kila moja ilikuwa na mambo yake, na nyingine upinzani ulishindwa. Nakubali yote. Kwa hiyo sisemi kwamba laini iliiba kura za mtaani kwetu. Nasema laini ilipima kitu kingine. Ilipima nani anaweza kusimama hadharani bila kudhurika, na katika mtaa maskini hao si wote.

Na hapa narudi kwenye kifungu cha 6. Mbunge wangu hanijui. Nikimnyima kura hatajua mpaka anakufa, na hata akijua atanifanya nini, hana mhuri wangu, sina barua ninayoihitaji kwake. Katiba imenipa siri dhidi ya huyo. Mwenyekiti wa seli ananijua mimi, anamjua mke wangu, anajua nadaiwa kodi ya miezi mingapi, kesho kutwa nitakwenda kumpigia hodi anisainie fomu, na ndiye huyo ambaye sheria imeniambia nisimame mbele yake nimwonyeshe kwamba simtaki. Siri imewekwa mahali ambapo haihitajiki sana, ikatolewa mahali ambapo ndo inaumiza. Sijui kama kuna aliyekaa akalipanga hivyo au gharama tu ndo ilisukuma watu huko, ila matokeo ni yaleyale. Kuna mama mmoja mtaani ambaye alisimama kwa FDC waziwazi, na baadaye kila alipokwenda kutafuta barua aliambiwa mhuri hauna wino. Si kwamba alinyimwa, hapana, hakuna aliyemkatalia, wino tu ndo ulikuwa umekwisha kila akifika yeye.

Wengine wanasema basi LC1 isiwe na vyama kabisa, tuirudishe ilivyokuwa, watu wachague jirani tu. Ni wazo tamu na nalielewa, ila uliza nani atanufaika. Kwenye kijiji ambacho chama tawala kina mtandao tangu 1986, ukisema hakuna vyama umesema chama kimoja tu ndo kitakuwepo bila kutajwa jina. Tanzania wao mtaa na kijiji wanapiga kwa vyama, na 2019 upinzani ulisusa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, CCM ikabeba karibu kila kitu, kwa hiyo kuwa na vyama peke yake nako hakutoshi. Ila angalau pale ugomvi unaonekana una jina gani.

Muhula wa hao wa 2018 ulikuwa wa miaka mitano, ukaisha 2023. Haukufanyika uchaguzi. Waziri akaongeza miezi sita, ikaisha, ikaongezwa, sababu ni ileile, hela. Wakati huohuo kila parishi inapelekewa shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, kwa ajili ya sakosi za wananchi, na anayethibitisha kwamba wewe ni mkazi wa hapa na si mgeni aliyejipenyeza ni mwenyekiti wa LC1. Yaani kiti kimepata uzito zaidi ya kilivyokuwa 2001 na kura yake imezidi kuwa mbali.

Sasa kama kweli tatizo ni karatasi, mbona Gambia wamepiga kura miaka yote bila karatasi? Kule tangu miaka ya sitini mpiga kura anapewa gololi moja, anaingia kwenye kibanda, mbele yake kuna mapipa ya chuma yamepakwa rangi za wagombea na picha zao, anatumbukiza gololi kwenye pipa analotaka, ndani kuna kengele, inalia mara moja, walioko nje wanajua amepiga kura moja na hawajui amempa nani. Mwisho wa siku gololi zinamwagwa kwenye trei zenye matundu zinahesabiwa watu wakiona, kwa hiyo hata Hajji wetu wa kuhesabu juani atapata jua lake. Hivyo hivyo ndivyo walivyomtoa Yahya Jammeh Desemba 2016 baada ya miaka 22. Pipa halichapishwi upya kila uchaguzi, linapakwa rangi. Si lazima hata liwe pipa, vijiji vya parishi moja vinaweza kupiga siku tofauti wakazungushiana vyombo vilevile, na fundi wa kuchomelea wa hapa soko la Arua atakutengenezea kwa bei ya kuelewana. Sheria ya 2015 inabadilishwa kwa kifungu kimoja tu, kinachosema laini, na Bunge linavyobadilisha sheria siku likitaka tumeliona, 2017 lilitoa ukomo wa umri wa rais ndani ya miezi michache.

Mbunge yeyote anaweza kuupeleka muswada binafsi wa hivyo. Wa kwetu nimeshamwandikia, na kwa sababu ofisi yake iliniomba kitu cha kunitambulisha, nikaenda kwa mwenyekiti kuchukua barua.